Kifuko hakina macho, kinafikaje?

Swali: *Ninafundisha baiolojia kidato cha tano na cha sita katika shule moja wilayani Rungwe. Juzi nilikuwa nachora ubaoni safari ya protini: inatengenezwa na ribosomu, inaingia kwenye retikulamu (mtandao wa tando ndani ya seli), inapita Golgi (kituo cha kupanga mizigo), inafungashwa ndani ya kifuko, kifuko kinakwenda hadi utando wa nje na kumwaga mzigo. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, hicho kifuko hakina macho. Kinajuaje kinakwenda wapi? Kwa nini kisiende kwenye laisosomu kikasagwe?" Nikamwambia kuna protini maalumu zinazokielekeza. Akauliza tena: "Na hizo protini zinaelekezwa na nani?" Kengele ikaniokoa. Nisaidie kabla ya kipindi cha Alhamisi.*

Jibu: Mwalimu, pole na hongera kwa pamoja. Pole kwa kukamatwa ubaoni, hongera kwa kuwa na mwanafunzi wa namna hiyo. Swali lake la kwanza liliwahangaisha watu wazima wenye maabara kubwa kwa miongo kadhaa, na mwaka 2013 watatu kati yao walipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba kwa kulijibu. La pili ni gumu zaidi. Nitalifikia mwishoni, maana kwanza inabidi tuivunje picha moja ambayo mimi mwenyewe niliifundisha vibaya kwa miaka.

Ni picha ya kifurushi chenye anwani. Sisi wa nyanda za juu tunaielewa haraka mno, na hapo ndipo penye tatizo. Unapeleka gunia la viazi stendi, unaandika kwa wino mzito jina na namba ya simu ya mpokeaji, unamkabidhi kondakta, kwisha. Niliwahi kumtumia kaka yangu wa Mbeya gunia kutoka Njombe wakati wa masika. Mvua ikafuta maandishi, gunia likaja kuonekana Tunduma siku tatu baadaye, viazi vimeshaanza kuchipua. Kisa hicho nilikitumia darasani: protini za kuelekeza ndiyo yale maandishi, yakifutika mzigo unapotea. Wanafunzi walicheka, wakaelewa. Bahati mbaya walichokielewa hakikuwa kweli.

Anwani ya gunia huandikwa mara moja, mwanzoni, na haibadiliki mpaka mwisho wa safari. Ndani ya seli hakuna anayeandika anwani kamili. Mfano wa karibu zaidi ni mgeni anayemtafuta shangazi yake kijijini, enzi zile kabla ya vibao vya anwani za makazi. Anashuka Uyole, anaambiwa gari za Tukuyu ziko upande ule. Akifika Tukuyu anauliza, anaambiwa panda bodaboda hadi kwenye kanisa. Kanisani anamkuta mama anayechuma chai, naye anamwonyesha mgomba mkubwa na njia inayopita nyuma yake. Hakuna hata mmoja kati ya watu hao aliyeijua safari nzima. Kila mmoja alijua kipande chake, na kama jina la shangazi lingekuwa geni pale kanisani, mgeni angerudishwa. Kifuko nacho husafiri hivyo: kinahojiwa hatua kwa hatua, na kila anayehoji ana swali moja tu dogo.

Nianze na jinsi watu walivyojua, kwa sababu nadhani darasa lako litaipenda sehemu hii kuliko majina ya protini.

Miaka ya 1960, huko New York, George Palade na wenzake walichukua vipande vya kongosho la simbilisi, wanyama hawa hawa wanaofugwa jikoni Makete na Njombe, wakavipa kwa dakika chache asidi amino zenye mionzi, kisha wakaangalia mionzi iko wapi kadiri muda unavyokwenda. Baada ya dakika 3 ilikuwa kwenye retikulamu. Kama dakika 20 hivi ilikuwa imefika Golgi. Baada ya saa moja na zaidi ilikuwa kwenye vifuko vikubwa karibu na utando wa nje. Ule mshale unaouchora ubaoni umetoka kwenye majaribio hayo, na Palade alipata Nobeli mwaka 1974. Lakini Palade alionyesha njia tu. Hakuwaonyesha walinzi wa njia.

Walinzi walitafutwa kwa hamira. Ndiyo, hamira ya maandazi. Randy Schekman na mwanafunzi wake Peter Novick, kule Berkeley, California, waliamua kutafuta chachu zilizoharibika jeni za usafirishaji. Tatizo ni kwamba chachu isiyoweza kusafirisha chochote hufa, na ukishakuwa na maiti huna cha kuchunguza. Kwa hiyo walitafuta zenye kasoro inayojitokeza kwenye joto tu: kwenye nyuzijoto 25 zinaishi vizuri, ukizipandisha hadi 37 usafirishaji unakwama. Ila utazipataje chachu chache mbovu katikati ya mamilioni ya nzima?

Hapa mtu yeyote aliyelima mpunga Kyela au Mbarali angeweza kuwasaidia. Mbegu unaimwaga kwenye maji ya chumvi: mapepe yanaelea, mbegu iliyojaa inazama. Novick na Schekman waliwaza kwamba seli iliyokwama itaendelea kutengeneza protini na mafuta ndani, lakini haitapanuka, kwa sababu utando wake wa nje haupokei vifuko vipya. Uzito unaongezeka, umbo linabaki lilelile. Itazama. Wakazitumbukiza kwenye kimiminika kizito, wakachukua zilizozama, na kufikia mwaka 1980 walikuwa na jeni 23 ambazo kila moja ikiharibika msafara unakwama mahali pake. Kwenye hadubini ya elektroni baadhi ya chachu hizo zilikuwa zimejaa vifuko tele vilivyofika mlangoni visiingie.

Wakati huohuo James Rothman, akiwa Stanford, alikwenda kinyume kabisa. Yeye alizivunja seli za mamalia, akachanganya vipande vya Golgi kwenye chupa, na kuona kwamba usafirishaji unaendelea hata bila seli. Basi unaweza kuuzima kwa sumu, halafu ukarudisha kimiminika kimoja baada ya kingine mpaka ukipate kile kinachouwasha tena. Mwaka 1988 maabara yake iliisafisha protini moja ya namna hiyo, inaitwa NSF. Ilipolinganishwa na jeni za Schekman, ikaonekana ni ndugu wa Sec18, mojawapo ya zile 23 za chachu. Kiumbe kinachoumua andazi na mnyama mwenye damu ya moto wanatumia fundi yuleyule. Binafsi sijawahi kuzoea jambo hilo, na nimelisimulia mara nyingi.

Sasa walinzi wenyewe. Nitawapita haraka wale wanaofungasha mzigo. Kuna magamba ya protini yanayoukunja utando mpaka uwe kifuko: COPII kwa mizigo inayotoka retikulamu kwenda Golgi, COPI kwa inayorudishwa nyuma, na klathirini, yenye umbo la miguu mitatu inayoshikana kama ususi wa kikapu, kwa vifuko vingi vinavyoingia kutoka nje. Magamba haya hushika mizigo yenye alama fulani kwenye mkia wake na kuiacha mingine. Kifuko kikishakatika, gamba huvuliwa. Hilo ni swali la kwanza la mgeni wetu: umebeba nini?

Swali la pili ndilo ninalotaka tukae nalo: hapa ni wapi? Wanaolijibu ni kundi la protini ndogo ziitwazo Rab. Jina limetokana na ubongo wa panya, zilikookotwa mara ya kwanza kwa wanyama mwaka 1987, mwaka uleule Novick alipoonyesha kwamba Sec4, mojawapo ya zile jeni 23, ni ya ukoo huo. Chachu ina 11. Sisi binadamu tuna zaidi ya 60. Na kila moja ina mtaa wake: Rab1 kati ya retikulamu na Golgi, Rab5 kwenye endosomu changa (chumba kinachopokea vinavyoingia kutoka nje), Rab7 kwenye endosomu iliyokomaa inayoelekea laisosomu, Rab11 kwenye vifuko vinavyorudishwa juu, Rab3 kwenye ncha za neva, Rab27 kwenye vibebeo vya rangi ya ngozi.

Rab hufanya kazi kama simu yenye bando. Ikiwa na molekuli ya GTP iko hewani: inajikunjua, inashika utando, inaita wafanyakazi. GTP hiyo ikikatwa fosfeti moja inakuwa GDP, bando limekwisha, simu ni ileile lakini haimpigii mtu. Vocha ya zamani haitoki yenyewe kwa urahisi, kwa hiyo kuna protini za kuitoa ili GTP mpya iingie. Wataalamu huziita GEF. Kuna nyingine, GAP, zinazolimaliza bando kabla ya wakati. Na Rab iliyozimika haiachwi ikizurura. Ina mikia ya mafuta, kwa kawaida miwili, isiyopatana na maji ya seli, hivyo protini iitwayo GDI huificha mikia hiyo na kuibeba Rab kama mama abebavyo mtoto mgongoni kwa kitenge, mpaka utando mwingine utakapoihitaji.

Ona jambo hili, Mwalimu, kwa sababu ndipo mfano wa gunia unapokufa. Bando la Rab linaisha lenyewe. Kitambulisho kinachojifuta baada ya muda kinaonekana ni upuuzi, lakini ndicho kinachofanya kosa lisidumu. Rab ikitua kwenye utando usio wake haitamkuta GEF wa kuijaza upya. Itazimika, GDI ataibeba na kuondoka nayo. Kwenye utando sahihi kuna GEF jirani, na zaidi ya hapo Rab iliyowaka huwaita GEF wengine. Rab5, kwa mfano, huita kundi linalowasha Rab5 zaidi, na huita kimeng'enya kinachobadilisha mafuta ya utando ule kuwa ya aina maalumu, nayo mafuta hayo huita protini nyingine zaidi. Mmoja huita wenzake mpaka mtaa unajaa. Kwa hiyo Rab haikai pale kwa sababu pale ni endosomu changa. Pale ni endosomu changa kwa sababu Rab5 zimejaa pale.

Ukitaka ushahidi, subiri dakika chache. Mwaka 2005 watafiti wa Dresden, Ujerumani, waliitazama endosomu moja moja ndani ya seli hai, Rab5 ikiwa na rangi moja na Rab7 rangi nyingine. Rangi ya Rab5 ilikusanyika, ikakolea, halafu ikafifia huku ya Rab7 ikipanda palepale, kwenye endosomu ileile. Haikuhama popote. Ilibadilika. Baadaye ilijulikana kwamba protini iitwayo Mon1 huja pale Rab5 inapokuwa nyingi, humfukuza GEF wa Rab5 na, ikishirikiana na mwenzake Ccz1, huwasha Rab7. Unakijua kile kibanda cha sokoni ambacho asubuhi kinauza supu, jioni kinauza chipsi? Ukimwelekeza mtu "pale kwa supu" saa moja usiku, hatapaona. Mahali ndani ya seli ni kama pale: jina lake ni kazi inayofanyika sasa hivi.

Basi kifuko kinapokaribia utando wenye Rab inayokihitaji, kinakamatwa na protini ndefu zilizosimama juu ya utando kama kamba. Ya Rab5 inaitwa EEA1, na ni ndefu kuliko kipenyo cha kifuko chenyewe. Mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba EEA1 husimama wima ngumu mpaka ncha yake iguse Rab5 kwenye kifuko; ikishaguswa inalegea, inajikunja, na kukivuta kifuko chini. Fikiria mwanzi unaogeuka kuwa kamba mara tu unapomgusa ng'ombe. Sijui fundi gani angebuni kitu hicho.

Swali la mwisho la mgeni ni la mlangoni, na wanaolihoji ni protini za SNARE, zilizoelezwa na maabara ya Rothman mwaka 1993. Kifuko kina nyuzi zake, utando una zake. Zikilingana zinasukwa pamoja, nyuzi nne katika msuko mmoja, kuanzia mbali kuja kwenye shina, na msuko unavyokaza unazivuta tando mbili mpaka maji yaliyo katikati yanatoka na mafuta yanaungana. Mzigo unamwagika. Kisha ile NSF, fundi wa kwenye hamira, anakuja na nishati ya ATP kuufumua msuko ili nyuzi zitumike tena. Kusuka na kufumua, kutwa kucha. Kwenye ncha ya neva kazi hii haianzi mpaka kalisi iingie. Thomas Südhof, wa tatu katika Nobeli ile, ndiye aliyeionyesha protini inayohisi kalisi hiyo, sinaptotagmini. Kutoka kalisi kuingia hadi mzigo kumwagika haifiki elfu moja ya sekunde.

Nyuzi zisizolingana kwa kawaida hazisukiki vizuri. Kwa hiyo hata kama Rab imedanganyika na kamba imekamata kifuko kisicho chake, mlango hautafunguka. Hakuna mlinzi kati ya hawa asiyekosea. Ila wote wanne kukosea kwa pamoja, juu ya kifuko kimoja, ni nadra.

Darasa likisema hizi ni hadithi za Ulaya, lipeleke kliniki. Kila mama mjamzito anaijua sindano ya pepopunda. Sumu ya pepopunda ni mkasi. Inaingia kwenye ncha ya neva karibu na kidonda, inapanda juu ndani ya neva hadi uti wa mgongo, inahamia kwenye seli zinazotuliza misuli, na humo inakata protini moja tu, sinaptobrevini, ambayo ni uzi wa SNARE wa upande wa kifuko. Vifuko vimejaa, vimefika mlangoni, msuko haupo. Ujumbe wa kutuliza misuli hautoki, mwili unakakamaa, taya linafunga. Hilo lilijulikana mwaka 1992 kupitia maabara ya Padova, Italia. Na kazi hiyohiyo ikatoa jambo ambalo ningelipa kipindi kizima: mojawapo ya sumu za botulinamu, aina ya B, hukata protini ileile, mahali palepale, kati ya asidi amino zilezile mbili. Lakini mgonjwa wa botulinamu hakakamai, analegea mpaka kifua kishindwe kupumua. Mkasi ni mmoja. Tofauti ni kwamba sumu ya botulinamu inabaki kwenye ncha ya neva inayoamuru msuli, ya pepopunda inasafiri hadi kwenye neva inayotuliza. Mwambie binti hilo: hata sumu, ilipofikishwa ndiko kunakoamua ugonjwa.

Kifua kikuu nacho ni mwizi wa kitambulisho. Seli ya kinga ikimmeza bakteria, chumba alichomo hupita njia ya kawaida: Rab5, kisha Rab7, kisha kinaungana na laisosomu yenye asidi na vimeng'enya. Tangu mwaka 1971 ilijulikana kwamba bakteria wa kifua kikuu wanauzuia muungano huo. Mwaka 1997 ikaonekana jinsi chumba chao kinavyodanganya: kina Rab5 lakini hakina Rab7. Bakteria anatoa kimeng'enya kinachoharibu yale mafuta maalumu niliyoyataja, kwa hiyo kibanda kinabaki cha supu milele na wa chipsi hawaji. Amekaa sebuleni, na wenyeji wanadhani ndiyo kwanza ameingia. Hapo mjini Mbeya kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kimefanya utafiti wa kifua kikuu kwa miaka mingi. Ukipata nafasi ya kuwapeleka wanafunzi, waende na swali hili.

Taifodi nayo, kwa kuwa msimu wa mvua wengine tunapimwa taifodi hata tukiumwa kichwa. Bakteria wake humshika binadamu tu, panya hapati. Jibu mojawapo, la mwaka 2012, ni kwamba seli za panya hutumia Rab32 kupeleka silaha kwenye chumba cha bakteria. Ndugu yake wa karibu, Salmonella anayemuua panya, ana mkasi wa kukata Rab32. Wa taifodi hana. Watafiti walipompa jeni ya mkasi huo, aliweza kuishi ndani ya panya.

Kisukari nakigusa tu, ingawa kinastahili jibu lake. Ukila ugali, insulini huiamuru seli ya msuli ipandishe milango ya glukosi, GLUT4, ambayo muda wote inasubiri ndani ya vifuko. Kinachoizuia ni GAP mmoja aliyezikalia Rab, akizimaliza bando. Insulini humnyamazisha, Rab zinawaka, vifuko vinapanda. Kulima nako hupandisha milango hiyo bila kusubiri insulini, ndiyo maana daktari akimwambia mgonjwa wa kisukari afanye kazi ya mwili hamwambii kwa mazoea tu.

Kwa Alhamisi, ningekuwa wewe nisingeandika majina yote haya ubaoni. Mtihani wa taifa hautauliza Rab5, na darasa lenye majina 20 mapya halina nafasi ya kuwaza. Ningefuta ule mshale mmoja mrefu kutoka Golgi hadi nje na kuchora mlolongo wa maswali mafupi: umebeba nini, hapa ni wapi, nani anakushika, msuko unalingana? Kisha ningewaambia pia kwamba mchoro wa kitabu unadanganya kwa weupe wake. Nafasi nyeupe kati ya Golgi na utando haipo. Ndani ya seli kumesongamana kama soko la Mwanjelwa siku ya Jumamosi, na kifuko kinapita humo kikikokotwa juu ya reli za protini. Seli moja ya kinga, ya zile zinazomeza bakteria, inaweza kumeza kwa saa moja kimiminika cha robo ya ujazo wake, na ndani ya nusu saa ikawa imeumeza utando wake wote wa nje na kuurudisha.

Sasa lile la pili: protini za kuelekeza zinaelekezwa na nani?

Jibu fupi ni kwamba Rab huwekwa mahali na GEF, na GEF huwekwa mahali na Rab iliyotangulia pamoja na mafuta ya utando ule. Binti ataona mara moja kwamba hilo ni duara, na yuko sahihi. Utatamani kumwambia kwamba mwisho wa yote maelekezo yako kwenye DNA. Usimwambie hivyo. DNA ina mapishi ya Rab5, lakini haina mahali pa Rab5. Ukichukua DNA yote ya seli na ribosomu zake, ukaziweka ndani ya puto la mafuta matupu, utapata protini za Rab zisizo na mtaa wa kukaa. Retikulamu mpya hutokana na retikulamu iliyopo, kwa kurefuka na kugawanyika. Seli ikigawanyika, kila seli binti hupokea vipande vya tando za seli mama vikiwa tayari na GEF zake, mafuta yake na protini zake, na duara linaendelea kuzunguka kutoka pale lilipokuwa. Halijawahi kuanza upya.

Kwa mwanafunzi wako duara hilo lilianzia kwenye yai. Mbegu ya baba ilileta DNA na vitu vichache; retikulamu, Golgi na endosomu za kuanzia zilikuwa za yai. Na mayai ya mwanamke hutengenezwa yeye mwenyewe akiwa bado kijusi. Kwa hiyo yai lililokuja kuwa huyu binti wa dawati la mbele, pamoja na tando zake zilizojua tayari wapi ni wapi, lilianza kuumbwa mama yake alipokuwa tumboni mwa bibi.